Ntate Phallang na Mazizi Matatu ya Majani

Leo ni Jumatano, tarehe 12 Novemba 2014. Mimi ni Keneuoe Ramatla wa Kidato cha Pili, na nimepewa ukurasa huu wa jarida la Shule ya Wasichana ya Phororong ili nimwandikie buriani mtunza bustani wetu. Naahidi kueleza yote: mengi mazuri, na moja baya ambalo ni langu.

Ntate Phallang Makhetha (Ntate kwetu ni Baba, kwa heshima) atastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba, akiwa ameitumikia shule yetu kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minane. Baadhi ya wasichana wa kwanza aliowafundisha kushika reki sasa wana wajukuu. Wengine wameleta binti zao hapa, na binti hao nao wameshika reki ileile.

Alikuja Machi 1983 na farasi mmoja na sepetu moja. Aliajiriwa kwa majuma mawili tu, achimbe mtaro wa bomba la maji kutoka chemchemi hadi jikoni. Mtaro ulipokwisha, majani ya mialoni yalikuwa yameanza kupukutika. Mwalimu Mkuu wa wakati ule, ambaye alikuwa sista, alimwambia ayakusanye yote na kuyachoma kabla hajaondoka. Ntate Phallang aliyakusanya. Hakuyachoma. Aliomba pembe moja nyuma ya jiko, akasema, "Nipe miaka miwili tu, Sista. Ukishindwa kuyapenda, nitayachoma kwa mkono wangu." Miaka miwili baadaye sista alikula spinachi iliyomea katika udongo wa majani yale, na habari ya kuchoma ikaisha. Ntate mwenyewe hupenda kusema kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwambia abaki. Ni kwamba tu hakuna aliyekumbuka kumwambia aende.

Katika pembe ile alijenga mazizi matatu kwa nguzo za mpopla na waya. Ndivyo anavyoyaita, mazizi, na sisi sote tumezoea. Kila mwaka, Aprili na Mei, wasichana wa Kidato cha Kwanza hukusanya majani ya shule nzima na kuyaingiza katika zizi moja. Tabaka la majani, ndoo ya maji, sepetu ya samadi ya farasi, kisha wasichana kumi hupanda juu na kuyakanyaga huku wakiimba, maana asubuhi za Mei miguu huganda. Zizi hupewa jina la darasa lile na halifunguliwi mpaka darasa hilo lifike Kidato cha Tatu. Ukija huna hata rafiki, unakusanya majani. Ukikaribia kuondoka, unapanda mboga katika udongo uliotokana nayo. Siku ya kufungua, Ntate huchota kiganja cha kwanza, cheusi na chenye unyevu, akakitia mkononi mwa msichana mmoja. Msichana hunusa, hulitaja darasa lake kwa sauti, na kazi huanza.

Udongo huo huenda kwenye bustani zetu za duara, zile za mawe zenye mlango mwembamba kama tundu la ufunguo na kapu la fito katikati. Tuna kumi na nne. Zote amezijenga yeye.

Reki yake inaitwa Bi Mapengo. Inasemekana ilikuwa na meno kumi na manne. Mimi niliikuta na tisa. Shule imemnunulia reki mpya mara tatu, na mara tatu amezigawa kwa wasichana na kubaki na Bi Mapengo. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba reki yenye meno yote haichagui, hubeba jani na kokoto pamoja, lakini Bi Mapengo amejifunza kuacha.

Hakosi jibu. Nakumbuka mwaka jana, tulipokuwa wageni, rafiki yangu Puseletso alisimama kando ya zizi letu mikono kiunoni akamwuliza, "Ntate, mbona unayafuga majani kama ng'ombe?"

"Ng'ombe huibwa, ausi," alijibu bila kuacha kazi; kila msichana kwake ni ausi, yaani dada. "Wewe umewahi kusikia polisi wanatafuta majani?"

"Basi mtu akitaka kuoa atoe mahari ya majani!"

"Mimi mke wangu nilimwoa kwa ng'ombe," alisema, "lakini kilichomfanya akae ni spinachi."

Tulicheka mpaka Puseletso akaanguka ndani ya zizi. Ntate alimfunika kwa majani toroli moja zima, akasema huyu naye akioza vizuri atafaa Kidato cha Tatu.

Alitufundisha tabia za majani kana kwamba ni watu wa kijiji kimoja. Jani la mpichi ni jepesi na huoza haraka. Jani la mpopla ni la watu wote. Jani la mwaloni ni kaidi, hulazimu kungojwa, lakini likikubali halina mfano. Na jani la mkaratusi haliingii zizini hata moja, maana lina mafuta makali na mahali lilipo mimea mingine haioti. Ya mikaratusi iliyo kando ya uzio alikuwa akiyapakia kwenye toroli na kuyapeleka mwenyewe kwenye korongo, kule chini. Naomba msomaji akumbuke jambo hili.

Katika mafanikio yake, wazee wa shule hulitaja moja kwanza. Mwaka mmoja theluji ilifunga barabara kwa siku tisa, na gari la vyakula halikuweza kupanda. Siku moja kabla, Ntate alikuwa ametazama milima, kisha akawatoa wasichana darasani bila ruhusa ya mtu ili wafunike kabichi zote kwa majani makavu, kama watoto wanaolazwa. Theluji ilikaa juu ya majani. Chini yake kabichi zilikuwa kijani. Kwa siku tisa shule nzima ilikula ugali na mboga, na yule mwalimu aliyekasirika kwa kukatiziwa somo ndiye aliyeongeza sahani mara mbili.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kalamu iishe wino.

Kwetu tunafunzwa usafi kabla ya kufunzwa kusoma. Bibi yangu huamka kabla ya jua na kufagia ua mpaka ardhi ibaki tupu, yenye michirizi ya ufagio tu. Jani likionekana uani saa mbili asubuhi, majirani huuliza ni nani anayeumwa. Na majani yaliyofagiwa huchomwa pale pale pembeni, moshi ukapanda, na kila mtu akajua kwamba nyumba hii ina msichana. Nilipokuja shuleni bibi alinifungia ufagio wa nyasi kwa uzi wa sufu wa bluu. Bweni zima liliufahamu ufagio ule. Nilijivunia usafi wangu, na mwaka huu nilichaguliwa kuwa msimamizi wa usafi wa kidato chetu.

Ijumaa, tarehe 15 Agosti, wajumbe wa bodi ya shule walikuwa wanakuja saa nne. Mwalimu Mkuu wetu, 'M'e (yaani Mama) Makopano, aliniambia, "Keneuoe, uwanja wa nyuma ni wako. Nataka nikiangusha sindano niione." Ntate Phallang alikuwa ameenda mjini kufuata mbegu. Nilifagia tangu alfajiri. Agosti ni mwezi wa upepo, na kila nilichofagia kilirudi. Mwishoni nilibaki na fungu moja la majani ya mkaratusi, refu kufikia goti. Zizini hayaingii. Toroli lilikuwa na pancha. Korongo liko mbali, na ilikuwa inakaribia saa tatu na nusu. Nilijua vizuri kwamba Ntate amekataza moto popote katika uwanja, lakini nilijiambia kwamba fungu ni dogo na kwamba yeye mwenyewe hayataki majani haya. Niliomba kiberiti jikoni, nikasema ni cha taa ya maabara. Huo ulikuwa uongo wa kwanza.

Majani ya mkaratusi hayawaki kama mengine. Yalilipuka. Upepo uliyanyanyua yakiwa yanawaka na kuyaangusha juu ya zizi la Kidato cha Kwanza, lililokuwa na majani ya mwaka huu, bado makavu na mepesi. Nilikimbia kutafuta maji, nikauacha ufagio. Niliporudi na ndoo, wasichana wengi walikuwa wamefika, na hakuna aliyeuliza nani alikuwa wa kwanza. Zizi la Kidato cha Kwanza liliungua lote. Letu liliungua sehemu ya juu. Bustani tatu za duara zilinyauka kwa joto. Ntate alishuka kwenye gari la mkate la Abuti Sello, kaka anayetuletea mkate, moshi ukiwa umejaa, akatupa mfuko wa mbegu chini na kuingia kati yetu bila hata kuvua blanketi lake la mabegani.

Wajumbe wa bodi waliingia langoni moto ukiwa ndio unazimwa. Mwenyekiti alijifunika pua kwa leso, akauliza, "Nani huweka takataka kavu nyuma ya jiko?"

"Ni mimi, Ntate. Majani ni yangu."

"Na moto?"

Ntate Phallang alikuwa akitazama chini, karibu na nguzo ya pembeni. Mwenyekiti naye alikuwa akitazama mfuko wa shati la Ntate, mahali kiko chake cha tumbaku kilipochomoza. 'M'e Makopano pia alikitazama, kana kwamba wote wawili walifikiria cheche iliyolala majanini tangu jana. Kisha Ntate akasema, "Zizi likiungua, anayeulizwa ni mwenye ng'ombe. Andikeni jina langu."

Wakaliandika. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, na ndoo tupu mkononi.

Jumatatu iliyofuata aliniita kando ya tangi la maji. Alikuwa na ufagio wangu. Nusu ya nyasi ilikuwa imeungua na uzi wa bluu umegeuka mweusi, lakini alikuwa ameufunga upya kwa waya mwembamba, mzunguko juu ya mzunguko, kazi safi kabisa. Alinipa kwa mikono miwili, akasema, "Umekuwa mfupi. Itakubidi uiname zaidi." Halafu akaondoka na Bi Mapengo begani. Hajawahi kuligusa jambo lile tena. Wala hajavuta kiko tena, angalau mbele yetu.

Kwa hiyo alijua. Na mimi nilijua kwamba amejua. Nilifagia kwa ufagio ule mfupi kila siku, Agosti, Septemba na Oktoba, na kila siku niliahidi kwamba kesho nitasema.

Majani hayapukutiki mara mbili kwa mwaka, na watoto wa Kidato cha Kwanza walikuwa wamebaki na zizi la majivu. Basi Ntate alianza kuja Jumamosi, siku ambayo si ya kazi yake, na punda wake wawili, kila mmoja na gunia la majani yaliyokwisha kulala mwaka mzima. Jumamosi ya kwanza, ya pili, mpaka zikafika sita. Puseletso alimwuliza, "Ntate, huu ni mwezi wa Tisa. Majani haya umeyatoa wapi?"

"Nyumbani kuna mipopla," alisema.

Tulilijua jibu lililobaki baadaye, kupitia kwa Abuti Sello, ambaye hupita kijijini kwao na gari la mkate. Mke wa Ntate, 'M'e Mathuso, alikuwa amemwambia huku akicheka nusu na nusu akilalamika, "Huyu mume wangu amelihamishia shuleni zizi langu lote. Mwaka huu mimi nitapanda mawe."

Mwezi wa Oktoba bodi ilikaa. Mfanyakazi wa shule yetu akifikisha miaka sitini, kwa kawaida huongezewa miaka miwili akiomba. Hata mpishi wetu aliongezewa. Ntate Phallang aliomba. Alikataliwa, na barua ilisema ni kwa sababu ya tukio la Agosti. Wasichana waliokuwa bustanini wanasema aliisoma mara moja, akaikunja, akaiweka ndani ya kofia yake ya nyasi, akavaa kofia, akaendelea kumwagilia karoti.

Mwanzoni mwa mwezi huu, Ntate akiwa ameshaanza likizo yake ya mwisho, 'M'e Makopano aliniita ofisini. Alisema nina mwandiko mzuri na moyo mzuri, kwa hiyo nimwandikie Ntate. Neno lile la pili ndilo lililonishinda. Nilimweleza yote, tangu kiberiti hadi ufagio. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Umechelewa, mwanangu. Bodi imeshakaa, na mtu mpya ameshasaini." Nilidhani atanifukuza. Badala yake akasema, "Na mimi sikuuliza. Niliona kiko, nikatosheka." Alilitoa faili la Ntate, akaandika ukurasa mzima kwa mkono wake, na mimi nikatia jina langu chini. Nakala imetumwa kwa mwenyekiti. Haiwezi kumrudisha mtu kazini, lakini tangu sasa faili lile linasema kweli.

Adhabu yangu nimepewa na ninaitumikia, na si ya kuandikwa hapa. 'M'e Makopano ameusoma ukurasa huu na kusema nisipunguze hata mstari mmoja, pamoja na ule unaomhusu yeye. Puseletso nilimwambia mwenyewe kabla haujachapwa. Jioni, tukikunja nguo, akasema, "Mjinga wewe. Ungetuambia siku ileile, tungelaumiwa wote arobaini, na lawama ya watu arobaini ni nyepesi."

Ntate, kuanzia hapa nasema na wewe, kwa sababu kumwita mtu "yeye" huku namwomba radhi si adabu.

Nisamehe kwa kiberiti. Nisamehe zaidi kwa ndoo tupu, kwa hatua zile tatu ambazo sikuzitembea. Nilifikiri usafi ni kuondoa kila kinachoonekana. Wewe ulikuwa ukitufundisha mwaka baada ya mwaka kwamba kilichoanguka hakitupwi, na mimi nilikanyaga majani yale kwa miguu yangu, nikaimba, na sikusikia.

Shule nzima inakushukuru kwa bustani kumi na nne, kwa kabichi za siku tisa, kwa jina la kila darasa ulilolitunza ndani ya waya. Tunamshukuru 'M'e Mathuso kwa magunia kumi na mawili ambayo hakuombwa. Tunawaombea nyote wawili uzee mtamu, magoti yasiyouma wakati wa baridi, na mvua inayokuja kwa wakati wake. Ukipenda kuvuta kiko, vuta. Sasa hakuna atakayekitazama vibaya.

Zizi letu bado lipo. Kabla hujaenda likizo ulichimba juu ya majivu mbele yetu, ukatuonyesha chini kuna weusi, unyevu na minyoo, ukasema, "Moto umekula kofia tu. Kichwa kizima." Tumelifunika kwa magunia kama ulivyoelekeza, na mimi hulimwagilia kila Jumatano. Litafunguliwa Jumamosi, tarehe 2 Mei, tukiwa Kidato cha Tatu. Mtu mpya anaonekana mwema, lakini Bi Mapengo hatujampa. Anakungoja nyuma ya mlango wa stoo, uondoke naye siku ya sherehe ya kukuaga.

Darasa limekubaliana. Aprili tutakusanya magunia kumi na mawili ya mpopla na mwaloni, bila jani hata moja la mkaratusi, nitayachambua mwenyewe, na Abuti Sello ameahidi kuyabeba mpaka kwenu bila kulipwa. Nitapanda gari naye siku ile ya tarehe 2, baada ya kufungua zizi. Nitakuwa na kopo la majani ya chai lenye kiganja cha kwanza, ambacho miaka yote umekitoa wewe na hujawahi kupewa. Darasa limesema nikilete mimi. Nimesema sitakileta mpaka nijue kama unataka kitoke mkononi mwangu.

Jarida hili litakufikia Jumatatu na mkate, kabla ya sherehe. Abuti Sello hugeuza gari kijijini kwenu saa sita, na anaweza kungoja kidogo. Neno moja linatosha, hata la mdomo, atanifikishia. Ntate, siku hiyo nikifika mlangoni kwako na kopo lile, utakinga mkono?